Kuminya gripa dakika 11 kushusha presha: namna ya kufanya nyumbani bila kujidanganya

Mzee wangu ana presha mwaka wa sita huu, anakunywa amlodipini kila usiku, na mwaka jana nikampelekea gripa, ile kitu ya springi ya kuminyia mkono, nikamwambia baba hii inasaidia presha, we minya tu. Akaminya kweli. Alikuwa anaminya anaachia, anaminya anaachia, kwa nguvu zote kama mtu anakamua suruali ya jinzi iliyolowa, kabana pumzi, mishipa ya shingo imemtoka, anahesabu mpaka mia ndo anabadili mkono. Wiki ya pili kiganja kikaanza kumuuma, gripa ikaishia kwenye droo pamoja na betri zilizokufa na chaja za simu za zamani. Kosa lilikuwa langu sio lake. Nilimpa kifaa sikumpa dozi.

Manake hili zoezi lina dozi kama vidonge. Nguvu kiasi hiki, muda huu, mara kadhaa kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Ukibadilisha ovyo ovyo unakuwa unafanya zoezi lingine kabisa, la kujenga mkono, ambalo halina ubaya ila sio hili tunaloongelea. Sasa naandika tulivyofanya mara ya pili baada ya kukaa chini na kusoma vizuri, na wewe ukitaka kumsaidia mzazi au kujisaidia mwenyewe unaweza kufuata.

Kwanza ujue unafanya nini

Mazoezi mengi unakunja unakunjua. Hapa hamna kukunja. Unakaza msuli alafu unabaki hapo hapo, mkono hausogei, wataalamu wanayaita mazoezi ya aisometriki. Kama umewahi kusimama kwenye daladala toka Mbagala mpaka Kariakoo umeshika bomba la juu, au umebeba ndoo ya lita 20 toka bombani bila kuitua, unaijua ile hali ya vidole kuanza kuwaka moto wakati mkono wenyewe haujaenda popote. Ndo hiyo, ila hapa tunaipima.

Mmoja wa walioleta hii habari kwenye utafiti anaitwa Ronald Wiley, profesa wa Miami University (iko Ohio, sio ile Miami ya Florida ya ufukweni), ambaye kabla ya hapo alishafanya kazi na jeshi la anga la Marekani kuhusu marubani wa ndege za kivita wanaozimia ndege inapokata kona kali. Mwaka 1992 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya watu walioshika gripa kwa nguvu ndogo, asilimia 30 tu ya uwezo wao, dakika mbili mara nne, siku tatu kwa wiki, wiki nane, na presha zao zikashuka. Kundi lilikuwa dogo sana, watu wachache, lakini toka hapo wengine wakarudia na kurudia. Mwaka 2013 chama cha moyo cha Marekani kikaliweka kwenye orodha ya njia zisizo za dawa ambazo mtu anaweza kujaribu, hawakusema ni muujiza, walisema inaweza kusaidia na ushahidi bado ni mdogo. Miongozo yao ya 2017 ikaandika kabisa dozi: dakika 2 mara 4, pumziko dakika 1, asilimia 30 hadi 40 ya nguvu zako, mara 3 kwa wiki, wiki 8 mpaka 10. Alafu 2023 ukatoka uchambuzi mkubwa Uingereza uliokusanya majaribio 270 ya aina zote za mazoezi, watu zaidi ya elfu 15, ukakuta mazoezi ya kukaza bila kusogea yanashusha namba ya juu (ile kubwa, inayotajwa kwanza ukipimwa presha) kwa wastani wa kama 8, wakati kukimbia, baiskeli na mambo hayo yanashusha kama 4 na nusu. Gripa peke yake ilikuwa kama 7.

Sasa usirukeruke. Huo ni wastani wa tafiti ambazo nyingi ni ndogo, na miongozo ile ya 2017 yenyewe inataja kushuka kwa kama 5 kwa mtu mwenye presha. Kuna anayeshuka 10 na kuna asiyeshuka hata moja. Mtu wa 170 hawezi kuwa 120 kwa kuminya gripa, akikuambia hivo ujue anakuuzia gripa.

Inafanyaje kazi? Ukikaza msuli na kushikilia, mishipa ya damu ndani ya ule msuli inabanwa, damu inapita kwa shida. Ukiachia, damu inaingia kwa kasi, na ule msuguano wa damu kwenye kuta za mishipa unaifanya itoe gesi inaitwa naitriki oksaidi ambayo kazi yake ni kulegeza mishipa. Ukirudia wiki hadi wiki mishipa inajifunza kulegea vizuri zaidi, na inaonekana hata zile neva zinazoamrisha mishipa ikaze zinapunguza kelele. Ona basi kwanini kuminya-achia haraka haraka sio kitu kile kile, maana hujaibana damu muda wa kutosha, na kwanini kuminya kwa nguvu zote nako sio, kwasababu utashindwa kufika hata dakika moja na presha itakuwa imepanda juu bila sababu.

Ndio, presha inapanda wakati unaminya. Hilo ni la kawaida kwa zoezi lolote lakini ndo linalotupeleka kwenye kitu kinachofuata.

Nani asianze kabla ya kuongea na daktari

Kama presha yako sasa hivi inagonga 180 juu au 110 chini, kwanza ishushwe kwa dawa, gripa baadaye. Kama umepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, una moyo uliopanuka au kushindwa kazi, umeambiwa mshipa mkubwa umevimba, umefanyiwa opresheni ya jicho au ya mkono juzi juzi, ongea na daktari wako. Mjamzito mwenye presha ni kliniki moja kwa moja, hii sio ya kwako kwa sasa. Anayesafishwa figo na ana ule mshipa uliounganishwa mkononi asiguse mpaka aulize. Wenye baridi yabisi ya vidole au wanaopata ganzi ya kiganja usiku, gripa itawaongezea maumivu, huko chini nimeweka njia ya miguu.

Na ukiona 180 kwa 120 pamoja na kifua kubana, mdomo kwenda upande, kuongea vibaya, macho kuona giza au kichwa kuuma kuliko kawaida, hapo usitafute zoezi wala kitunguu swaumu, ni hospitali muda huo huo.

Hatua ya 1: pima presha wiki nzima kabla hujaanza

Watu wanairuka hii na ndo inayowafanya baadae wabishane kama zoezi limesaidia au la. Mzee alikuwa anapima pale duka la dawa akipita, katoka juani, kapanda ngazi, anapiga stori na dada wa dukani huku mkanda unajaa juu ya shati la mikono mirefu. Hiyo namba hata ikiwa nzuri haina maana.

Tafuta mashine ya mkono wa juu, sio ya kifundo, na mkanda uwe saizi ya mkono wako, mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Nusu saa kabla usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, usifanye kazi ngumu. Nenda chooni kwanza, kibofu kikijaa kinapandisha presha, wengi hawaamini. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini sakafuni usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi sio juu ya nguo, kaa kimya dakika 5. Kimya maana yake hata simu ya mkononi weka pembeni. Pima, subiri dakika 1, pima tena, andika zote mbili. Asubuhi kabla ya dawa na chakula, na jioni. Siku 7. Za siku ya kwanza zitupe, mtu anakuwa na wasiwasi, zilizobaki chukua wastani. Hiyo ndo presha yako ya kuanzia, iandike kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Ya mzee ilitoka 148 kwa 92. Yeye alikuwa anaapa ni 160, kwasababu ndo namba aliyoikariri toka dukani.

Hatua ya 2: kifaa

Kuna vifaa vya umeme vilivyotengenezwa kwa kazi hii hasa, vinakupima vyenyewe, vinakuambia ongeza punguza kwa mlio, vizuri kweli lakini bei yake unaweza kulipia ada ya mtoto. Kuna dainamomita, ile ya kupimia nguvu za mkono wanayotumia wataalamu wa fiziotherapia, inaonyesha kilo unazominya muda huo, ukipata ya dijitali ya bei ya kawaida ni chaguo zuri kuliko yote.

Wengi wetu tutaangukia gripa ya springi yenye kinobu cha kuzungusha na namba za kilo, nyingine 10 mpaka 40, nyingine 5 mpaka 60. Chukua hiyo, na hakikisha inashuka chini, gripa inayoanzia kilo 20 haikufai hata kama mkono wako una nguvu kiasi gani, nitaeleza sasa hivi. Zile nyeusi ngumu za jimu zisizo na kinobu achana nazo.

Njia ya nne naipenda sana kwasababu inatumia kitu ambacho nyumba zenye mgonjwa wa presha wakati mwingine kipo kabatini: mashine ya presha ya kupampu kwa mkono, ile yenye saa ya mshale anayotumia nesi. Hiyo inageuka dainamomita. Ila isiwe ile ya betri, ya betri usiiminye utaiua.

Mpira wa tenisi au taulo lililokunjwa vinaminyika lakini hujui unaminya kiasi gani. Ni bora kuliko kukaa bure, sio zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: itafute asilimia 30 yako

Hapa ndo roho ya jambo, usipite haraka.

Kwa gripa ya kinobu: kaa vizuri, zungusha mpaka kilo ambazo kwa nguvu zako zote unaifunga mara moja tu, vishikio vigusane, na ukiongeza kidogo huwezi tena. Usishikilie, funga achia, sekunde mbili tatu, na toa pumzi wakati unaminya, usiibane. Pumzika dakika nzima ujaribu tena. Fanya hivo kila mkono peke yake kwasababu mkono wa kulia na wa kushoto kwa kawaida havilingani. Mzee kulia alifunga 32, kushoto 28. Sasa zidisha kwa 0.3. 32 mara 0.3 ni 9.6, tukaweka 10. 28 mara 0.3 ni 8.4, tukaweka 8 na kidogo, kwa jicho tu. Unaona sasa kwanini nilisema gripa iwe inashuka chini? Mtu mwenye uwezo wa kilo 40, ambaye ni mwanaume wa kawaida tu, anatakiwa afanye zoezi na kilo 12. Ndogo! Mzee alivyoona 10 akacheka akasema hii ni ya mtoto, nikamwambia baba subiri dakika ya pili.

Namba zilizoandikwa kwenye gripa za bei rahisi huwa sio sahihi sana, 20 yake inaweza kuwa 17, haina shida kubwa kwasababu unalinganisha gripa na gripa hiyo hiyo.

Kwa mashine ya kupampu: kunja mkanda uwe kama mkate mdogo wa silinda unaojaa kiganjani, ufunge kwa rababendi mbili usifunguke, kaza skrubu ya hewa, pampu mpaka mshale usome 20. Shika huo mkunjo, minya polepole mpaka nguvu zako zote, mwingine asome mshale ulipofika. Tuseme umefika 220. Toa zile 20 za kuanzia, inabaki 200, asilimia 30 yake ni 60, rudisha 20, inakuwa 80. Basi zoezi lako ni kuushikilia mshale kwenye 80 dakika mbili. Uzuri wake unaona muda wote kama umelegea au umezidisha. Ubaya wake, watu wenye mikono ya useremala mshale unaenda mpaka 300 mwisho wa saa, ukiona unakaribia huko acha, utaharibu saa, tafuta gripa. Na hewa inavuja kidogo kidogo, kila raundi hakikisha ukiachia unarudi 20.

Kwa mpira au taulo, jiambie nguvu zangu zote ni 10, mimi nataka 3. Unaminya kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapovuka barabara ya Morogoro, asiponyoke lakini hulengi kumuumiza. Alafu hisia ndo zikusahihishe: dakika ya kwanza inatakiwa iwe rahisi mpaka ujiulize kama kuna kitu unafanya, dakika ya pili mkono wa chini ya kiwiko unaanza kuwaka, sekunde 30 za mwisho unaangalia saa. Ukianza kutetemeka kabla dakika ya kwanza haijaisha umeweka nzito. Ukimaliza dakika mbili hujahisi chochote umeweka nyepesi.

Hatua ya 4: dakika 11 zenyewe

Kaa kwenye kiti kile kile ulichopimia presha. Kiwiko kimekunjwa kama pembe ya meza, mkono umelala juu ya paja au meza, kifundo kimenyooka, usikipinde. Mabega yashuke. Kuna watu wanaminya gripa huku wamekunja uso, wameuma meno na wamekaza tumbo, yaani mwili mzima unaminya. Hapana, mkono tu ndo unafanya kazi, kwingine kote uwe kama unasikiliza redio.

Weka taima ya simu dakika 2. Mkono wa kulia, funga, shikilia. Taima ikilia achia kabisa, pumzika dakika 1. Mkono wa kushoto dakika 2, pumzika 1. Kulia tena 2, pumzika 1. Kushoto tena 2. Basi umemaliza, dakika 8 za kushika na 3 za kupumzika. Tafiti nyingine wametumia mkono mmoja tu raundi zote nne na nayo imefanya kazi, sisi tunabadilishana kwasababu mzee kiganja kile kile kilichouma mwanzo hakitaki fujo.

Pumzi. Hii ni ya usalama kwahiyo nairudia: usibane pumzi hata sekunde. Mtu akibana pumzi huku anakaza, presha inaruka zaidi ya ilivyotakiwa. Dawa yake ni kuongea. Hesabu kwa sauti, imba, ongea na mjukuu, mzee alikuwa anabishana na taarifa ya habari ya saa mbili usiku na kwa kweli hajawahi kubana pumzi hata mara moja.

Kwa gripa ya springi kuna kaujanja ka sarafu. Weka sarafu ya mia mbili kati ya vishikio viwili, ishike hapo. Ikidondoka umelegea, rudisha uendelee, saa isisimame. Lakini na wewe usiiponde sarafu, springi ikishafunga ukiendelea kukandamiza unaongeza kilo ambazo hazionekani popote, iguse tu isianguke. Sarafu iliyodondoka mara mbili kwenye raundi ya mwisho sio dhambi. Ikidondoka kila raundi punguza kilo moja.

Mkono kuwaka na kuchoka ni sawa, na ukiachia utaona kiganja kinakuwa na joto na wekundu, ile ndo damu inarudi, ndo tunachokitafuta. Ganzi, maumivu makali ya kiungo, kifua kubana, kizunguzungu, hayo sio sawa, simama hapo hapo na ukaonwe.

Usipime presha mara baada ya kumaliza. Mzee alifanya hivyo siku ya kwanza akaona 165 akataka kumpigia shangazi. Subiri, pima kesho asubuhi kama kawaida.

Hatua ya 5: wiki nane, masanduku 24

Mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Nilimchorea masanduku 24 nyuma ya kalenda ya ukutani, kila akimaliza anaweka tiki. Ukipiga hesabu, dakika 11 mara 24 haifiki hata saa 5, yaani kazi yote ya miezi miwili ni fupi kuliko basi la Dar kwenda Dodoma.

Wiki ya kwanza mpaka ya tatu usitegemee kitu kwenye namba. Wengi wanaachia hapa, na mzee naye alitaka kuachia, akaniambia we kijana hii gripa yako ni kama dawa za wamachinga. Usipime kila saa kutafuta mabadiliko, presha ya mtu inacheza yenyewe kutwa nzima, asubuhi hii, jioni ile, ukigombana na mtu nyingine. Pima siku moja mbili kwa wiki, hali ile ile ya hatua ya kwanza.

Wiki ya nne rudia kutafuta nguvu yako ya juu, maana mkono umeshapata nguvu. Mzee kulia ilitoka 32 ikawa 36, kwa hiyo 10 yake ikawa 11. Ukisahau hii unajikuta mwezi wa pili unafanya asilimia 25 ukidhani ni 30.

Ukiruka siku moja, fanya kesho yake. Ukiruka wiki ongeza wiki mwishoni. Usilipe deni kwa kufanya raundi nane siku moja, deni hili halilipwi hivo.

Kama mikono haiwezi

Egemea ukuta kwa mgongo, shuka kama unakalia kiti ambacho hakipo, ile adhabu ya shule unayoikumbuka. Dakika 2, mara 4, pumziko dakika 1 au 2. Kwenye ule uchambuzi wa 2023 hii ndo ilishusha namba ya juu kuliko gripa, kama 10. Ni kali lakini, kwahiyo anza juu juu, magoti yakunjike kidogo tu, ushuke chini zaidi wiki hadi wiki mpaka upate kiwango ambacho dakika ya pili ndo inauma. Mwenye magoti mabovu asijaribu, na mzee wa miaka 70 awe na mtu pembeni na kiti cha kweli karibu. Pumzi sheria ni ile ile.

Dawa zako

Usiache. Usipunguze kidonge nusu kwasababu wiki mbili namba zimependeza, zimependeza kwasababu unakunywa dawa. Na hii tabia ya ukisahau jana leo unakunywa viwili, mzee alikuwa nayo, mpaka nesi wa kliniki alipomfokea kwa heshima. Ukisahau, muulize aliyekupa dawa ufanyeje, kwa nyingi jibu ni endelea na dozi ya kawaida usirundike.

Chumvi nayo. Shirika la afya duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, hicho ni kijiko cha chai kisichojaa kwa kila kitu, pamoja na iliyoko kwenye mkate, kwenye vile vikorombwezo vya supu vya kwenye pakiti na kwenye samaki wa ng'onda. Gripa haiwezi kushindana na ng'onda wa kila siku.

Baada ya wiki nane

Rudia ile wiki ya kupima, siku 7 asubuhi na jioni, tupa ya kwanza, chukua wastani, weka pembeni ya ule wa mwanzo. Ya mzee ilikuwa 141 kwa 88. Sasa niwe mkweli, katikati hapo mama alikuwa ameondoa kichupa cha chumvi mezani na mzee aliacha kuruka dawa, kwahiyo siwezi kusema saba zote zilizoshuka ni za gripa. Inawezekana ni mbili, inawezekana ni tano. Kama unataka kujua kwako badilisha kitu kimoja kimoja, ingawa kwa mzazi wako sidhani kama utajali nani anapewa sifa.

Kama haijashuka kabisa na masanduku yako 24 yana tiki za kweli, basi huenda wewe sio wa gripa, nenda kwenye ukuta au kwenye kutembea kwa kasi nusu saa siku tano kwa wiki. Kama imeshuka, endelea, kwasababu ukiacha inarudi ilikotoka ndani ya wiki chache, hata wale watu wa Wiley walivyoacha zilirudi. Nenda na daftari lako siku ya kliniki, daktari akiona wastani wa siku saba mara mbili anaamua kuhusu dozi yako vizuri zaidi kuliko kwa ile namba moja aliyoipata ukiwa umetoka kugombania foleni.